Vyumba Iko Safi

Nilikuwa na miaka minne ya kufundisha Kiswahili huko Mushasha, mtaa wa mji wa Gitega nchini Burundi, nilipoandika kwenye mtandao, kwa vidole vyangu mwenyewe, sentensi isemayo: "Vyumba iko safi na maji ya moto iko." Wanafunzi wangu waliivumbua baada ya wiki mbili. Mmoja wao aliisoma darasani kwa sauti, polepole, kama anayesoma Injili, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, hii 'iko' ni ya ngeli gani?" Nikageuka nikafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Ilianza kwa nia njema. Mimi nimekulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu. Tuliporudi Burundi wazazi wangu walienda kwao Bukirasazi kulima mihogo na maharage, mimi nikabaki mjini Gitega, nikapanga chumba mtaa wa Yoba. Kiswahili nilichokuja nacho ndicho kilichonipa kazi ya ualimu, nami nilikilinda kama mtu anavyolinda nguo ya sikukuu.

Ijumaa moja mchana mwenye hoteli fulani alikuja kunitafuta shuleni. Alikuwa mtu wa makamo, wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa mjini, mwenye masharubu manene yaliyofika mlangoni kabla yake. Kila mtu alimwita Patroni, yaani bosi.

"Mwalimu," alisema, "watu wanasema Kiswahili chako ni cha redio. Mi nataka Kiswahili cha redio kwa hoteli yangu."

Hoteli yake ilikuwa na tovuti iliyotengenezwa na kijana wa Bujumbura, yote kwa Kifaransa. Patroni alitaka wafanyabiashara wa Tanzania na Kongo nao waione. Nikakubali kufanya kazi hiyo Jumamosi. Niliandika hivi: "Karibuni katika hoteli yetu tulivu, yenye mandhari ya kuvutia, malazi yaliyotukuka na huduma zisizo na kifani." Niliisoma mara tano kwa raha. Nikampigia mama Bukirasazi nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki.

Mwezi ukapita, hakuja hata mtu mmoja kupitia mtandao. Patroni alikuwa na njia yake ya kupima. Alisimama mapokezini, akaweka simu mbele ya mdomo, akaiamuru: "Hoteli!" Simu ikamletea hoteli za Dar es Salaam, za Mombasa, na moja ya Dubai.

"Mwalimu, mbona mi siko?"

"Tatizo ni kwamba umesema hoteli tu, Patroni."

"Na mi niko na nini kingine? Si hoteli?"

Aliyetufungua macho ni mama mmoja muuza vitenge kutoka Uvira, Kongo. Alifika Jumamosi na mabunda yake, na wakati anasubiri ufunguo nilimuuliza alitupataje. Akasema hakututafuta sisi, alitafuta nyingine na akaikuta imejaa. Nikamuuliza hiyo nyingine aliipataje.

"Niliambia tu simu."

"Uliiambiaje, mama?"

Akaishika simu kama gunzi la mahindi: "Loji ya Gitega iko na maji ya moto, iko na parkingi, haina makelele."

Ndipo nikaelewa. Hakuna binadamu aliyewahi kuiuliza simu yake habari za malazi yaliyotukuka. Watu huuliza maji ya moto. Na hawaulizi kwa Kiswahili changu cha Kasulu, wanauliza kwa Kiswahili cha sokoni, cha kwao, chenye "iko" kila baada ya hatua mbili.

Nikaanza kusoma mambo ya kazi hiyo, kwa maana kumbe ni kazi ya watu kabisa, kuifanya hoteli ionekane juu pale mtu anapotafuta. Nikajifunza kwamba picha zinatakiwa kuwa na majina, si namba. Kwamba ukurasa ukiwa mzito, mtu mwenye mtandao dhaifu anauacha kabla haujafunguka, na wetu ulikuwa na picha moja ya Patroni nzito kuliko hoteli nzima. Kwamba alama ya hoteli kwenye ramani lazima iwe mahali pa kweli. Alama yetu ilikuwa katikati ya bustani ya kabichi ya mapadri wa Mushasha. Wageni wawili walikwisha kuingia humo na kumwomba padri chumba chenye kitanda kikubwa.

Basi nikatoa alama kwenye kabichi. Nikampunguza Patroni mpaka akawa mdogo kama stempu. Picha nikaziita "chumba cha watu wawili iko na neti" na "parkingi ndani ya geti". Na mwisho, baada ya kufunga mlango, nikaandika ile sentensi ya vyumba. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa mezani. Nilisikia haya kuiangalia.

Simu za mapokezi zikaanza kulia. Kabla muhula haujaisha, mtu akiuliza loji ya Gitega yenye maji ya moto, wa kwanza tulikuwa sisi. Patroni alianza kujiona mtaalamu. Akaniita ofisini.

"Mwalimu, neno 'hoteli' tumeliandika mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kama mara tatu imetufikisha hapa, andika mara arobaini."

Nilimwambia nimesoma kwamba haifai, kwamba mtandao unachukia kubembelezwa hivyo. Akasema yeye amefanya biashara tangu mimi niko mgongoni kwa mama yangu. Nikaandika: "Hoteli yetu ya Gitega ni hoteli ya Gitega kwa wanaotaka hoteli Gitega, kwani hoteli ni hoteli." Wiki haikuisha tukawa tumeporomoka mpaka kurasa za nyuma huko, ambako watu hawafiki. Nikazifuta hoteli zote zile, tukarudi juu taratibu. Patroni alisema ni mafuta ya jenereta ndiyo yaliyosababisha.

Sasa, Patroni alikuwa na dada. Marehemu baba yao aliacha majengo mawili, moja Gitega na moja Muyinga, yote mawili aliyaita jina lile lile kwa sababu alikuwa amekwisha kulipia vibao viwili. Dada, aliye mkubwa, alirithi la Muyinga. Wote walimwita Hajati. Siku moja simu yangu ililia wakati wa mapumziko shuleni.

"Mwalimu? Mi ni dada yake yule wa masharubu. Nasikia umemuweka juu. Na mi niweke juu. Juu yake. Na asijue."

Ningepaswa kukataa. Lakini alikuwa na sauti ile ya shangazi ambaye ukimkatalia chakula anakuongezea. Nikasema ndiyo. Isitoshe nilikuwa na madaftari ya mitihani mia moja na zaidi ya kusahihisha, kwa hiyo nilichukua ukurasa wa Gitega, nikaunakili wote, na pale palipoandikwa Gitega nikaweka Muyinga. Karibu kila mahali.

Miezi iliyofuata nilishindana na mimi mwenyewe. Jumamosi nilimpandisha Patroni, Jumapili baada ya misa nikampandisha Hajati. Yeye alinitumia picha za sufuria za pilau na za malori ya wasafiri wa Kobero, mpakani, yaliyoegeshwa uani kwake. Patroni aliona dada yake anamkaribia, akaagiza niandike, "Wengine wako, lakini ya kweli ni hii." Kesho yake Hajati aliiona, akaagiza, "Ya kweli ni ya mtoto wa kwanza." Nikaandika zote mbili. Wageni wa Tanzania walidhani ni methali.

Kisha Patroni akaenda semina moja ya wenye hoteli, akarudi ana wasiwasi. Huko waliambiwa kwamba siku hizi watu hawatafuti tena, wanauliza. Unaiuliza mashine swali kamili, nayo inasoma kurasa zote na maoni yote ya wageni, inakupa jibu moja tu, umemaliza. Tukakaa mapokezini tukaiuliza: hoteli gani nzuri Gitega?

Mashine ikaitaja yetu. Patroni akapiga makofi. Ikaendelea: iko Gitega, dakika chache kutoka mpaka wa Kobero. Ina maegesho ya malori. Inaendeshwa na mama mkarimu ambaye hupika pilau mwenyewe.

Makofi yakakoma.

"Mi ni mama?" aliuliza Patroni.

Hapo simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa Hajati. Nikatoka nje ya geti.

"Mwalimu, mashine inasema loji yangu ya Muyinga iko karibu na Makumbusho ya Taifa, yale ya Gitega! Iko karibu na Makumbusho wapi? Na inasema patroni wake ni mzee wa masharubu makubwa. Mi niko na masharubu?"

"Hapana, Hajati."

"Voilà, umeona. Huyu mdogo wangu ameniingilia."

Kumbe Patroni naye alikwisha kufikia uamuzi huo huo kuhusu dada yake. Nilijua kosa ni langu. Jina moja, sentensi zile zile, maneno ya mtu mmoja: mashine ilikuwa imezifanya hoteli mbili kuwa moja, na ndugu wawili kuwa mama mmoja mwenye masharubu. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili niliomba maji.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Patroni uani, tayari kwa safari, na masharubu hana. Ameyanyoa yote. Uso wake ulionekana mpya, mweupe kidogo chini ya pua, kama ukuta uliokuwa na kalenda.

"Naenda Muyinga," aliniambia kwa mnong'ono. "Nitalala kwake kama mgeni, nione anafanya nini. Kisha nitaandika maoni. Nyota moja."

Alipofika getini mlinzi wake mwenyewe alimzuia, akidai arudishe kwanza ufunguo wa chumba. Walibishana kwa Kirundi mpaka Patroni akataja jina la mke wa mlinzi na la watoto wake wote. Ndipo akafunguliwa.

Saa tatu hivi simu ililia. Hajati alikuwa Karusi, njiani.

"Mwalimu, nakuja Gitega. Nitaingia kama mgeni. Usimwambie."

Nilikaa kwenye ngazi ya mapokezi kumngoja.

Hajati nilikuwa sijawahi kumwona kwa macho. Alipoingia, amevaa miwani mikubwa ya jua na mtandio wa kijani, akajitambulisha kuwa ni muuza mchele kutoka mji wa Ngozi, nilimtambua papo hapo. Ulikuwa uso wa Patroni wa asubuhi ile, bila masharubu. Nikamfuata mpaka mezani, nikamnong'oneza kwamba mimi ndiye Mwalimu. Akanishika mkono.

"Keti. Tule tuone."

Aliagiza pilau. Alionja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini.

"Hii nani amepika?"

"Mpishi, Hajati."

"Alikuwa na huzuni?"

Hakungoja jibu. Aliinuka, akaingia jikoni, akajifunga kitenge cha mtu kilichokuwa kimetundikwa mlangoni, akaanza kuuliza bizari iko wapi. Miwani hakuivua. Wafanyakazi walidhani ni mkaguzi kutoka serikalini, wakajipanga mstari, wakaanza kumwonyesha kucha zao. Mpishi alitoa mpaka cheti chake cha ubatizo. Kufika mchana alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi ya kukaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawa, amekunja upya mashuka ya vyumba vinne, na amemfukuza paka ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyethubutu kumgusa.

Tulikuwa tunamenya vitunguu pale jikoni, mimi na yeye, simu yangu ilipolia. Simu hiyo ina ugonjwa wake: spika ya sikioni ilikufa siku nyingi, kwa hiyo huongea kwa sauti ya nje tu, jumba zima linasikia. Niliona ni Patroni, nikataka kuikata, vidole vikateleza kwa maji ya vitunguu, ikapokea.

"Mwalimu! Andika!" ilisema simu. "Bomba ya chumba cha saba ilikuwa inalia. Nimeitengeneza. Ya nane ilikuwa inalia, nimeitengeneza. Sasa nataka ya tisa, lakini ndani iko mtu anaoga, anakataa kufungua. Huyu dada anaaibisha jina la baba!"

Hajati aliacha kumenya.

"Nani huyo?"

"Mzazi wa mwanafunzi," nilisema.

"Mzazi wa mwanafunzi anaongea kama mdogo wangu." Akachukua simu kutoka mkononi mwangu. "We uko wapi?"

Simu ikajibu kwa sauti nyembamba: "Niko Gitega. Ofisini."

"Ofisi yako nimetoka kuipanga sasa hivi. Kiti chako kina mguu mbovu."

Tukasikia maji yanatiririka huko Muyinga, na mtu anauliza kwa mbali kama fundi amekwisha kuondoka.

"Dada," alisema Patroni, "niko kwa chumba chako cha saba. Mkononi niko na spana."

"Na mi niko kwa jiko lako. Mkononi niko na kisu. Pilau yako, yooo, pilau yako."

"Na bomba zako?"

Hapo wote wawili wakatambua ni nani aliyekuwa akiwasiliana na kila mmoja wao, wakasema kwa pamoja, mmoja ndani ya simu na mwingine mbele yangu: "Mwalimu."

Nikasema yote. Nilisema nilivyonakili, nilivyowapandisha kwa zamu, nilivyobadilisha Gitega kuwa Muyinga karibu kila mahali. Nilisema nikiwa nimesimama wima kama mwanafunzi, na machozi yalikuwa yakinitoka, ingawa kusema kweli mengi yalikuwa ya vitunguu.

"Donc," alisema Patroni polepole, "kwa hiyo ukiniweka mi juu, ni we mwenyewe unanishusha?"

"Ndiyo, Patroni."

"Na ukimuweka yeye?"

"Namshusha pia."

Akafikiri. "Quand même, hata hivyo, ni kazi nyingi."

Hajati alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na wafanyakazi, walipoona mkaguzi anacheka, nao wakacheka kwa adabu. Sikufukuzwa. Nilipewa bakuli la pilau na kuambiwa nile mpaka nimalize.

Jioni ile mafuta yalikuwa yamekauka mjini, foleni za magari zimezunguka kituo mara mbili, na teksi za kwenda Muyinga hazikuwepo. Ikawa hivyo mpaka Jumatano. Kwa siku nne Hajati aliendesha hoteli ya Gitega na Patroni akaendesha ya Muyinga. Huko walimtii bila kuuliza, kwa sababu bila masharubu alikuwa ni Hajati mtupu. Maoni ya wageni yalipoanza kuingia niliyasoma nikiwa shuleni. Ya Gitega yalisema: "Mama iko mkarimu sana, anapika pilau mwenyewe." Ya Muyinga yalisema: "Fundi wa hapa anaingia bila kupiga hodi, lakini maji iko moto kabisa." Kwa siku nne, basi, ukiacha masharubu na ramani, mashine ilikuwa imesema kweli tupu, na mimi ndiye niliyekuwa mwongo.

Walipokutana hatimaye Karusi, njia panda ya kila mmoja kurudi kwake, walikula mishikaki pamoja wakakubaliana: tovuti moja, hoteli mbili, na Mwalimu aandike kila mji kwa maneno yake. Lakini mji gani ukae juu? Patroni alisema Gitega ni mji mkuu. Hajati alisema yeye alizaliwa kwanza. Walinipigia simu niamue. Nilifikiri kidogo nikawaambia ukurasa unaweza kutazama simu ya mtu iko wapi, ukamwonyesha kwanza hoteli iliyo karibu naye. Wakakubali. Tangu siku hiyo Patroni akifungua tovuti akiwa Gitega anaiona Gitega juu, na Hajati akifungua akiwa Muyinga anaiona Muyinga juu. Kila mmoja, kwa faragha, alinishukuru kwa kumpendelea.

Likizo ilipofika nilisafiri hadi Muyinga kwa mara ya kwanza, nikaandike ninachokiona. Hajati alinipa kiti uani, mahali malori yanapoegeshwa, nikakaa na daftari nikiwauliza madereva wanavyotafuta pa kulala. Mmoja, mtu mnene mwenye kandambili, alikuwa ametandika mkeka kivulini mwa lori lake. Nilimuuliza: akitaka loji, anaandika nini kwenye simu, au anasema nini?

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza anapumuaje.

"Mi sitafutagi, Mwalimu. Mi napigia rafiki yangu. Ananiambia lala pale, nalala pale."

Nikaandika hilo, nikampelekea Hajati jikoni. Alilisikiliza kwa makini sana, akikoroga chai.

"Na huyo rafiki," aliuliza, "yeye anatafutaga wapi?"

Sikujua. Akafunika sufuria, akajitanda mtandio wake, tukatoka wote wawili kwenda kumwomba dereva namba ya rafiki yake.